Tiketi za maigizo London: ununue mapema au usubiri siku yenyewe?

Mchumi wa Tabata
Wakuu salaam. Novemba nina safari ya kikazi London, wiki moja, mchana nitakuwa darasani jioni niko huru. Mimi mpenzi wa maigizo ya jukwaani tangu shule, hapa Dar Little Theatre naenda, nikipita Nairobi lazima niangalie National Theatre kuna nini, kwa hiyo sitaki kurudi nimepiga picha na basi jekundu tu.

Shida ni hii. Mwenyeji wangu, yuko kule miaka mingi, anasema anayenunua tiketi mapema anaibiwa, nisubiri siku yenyewe niende kile kibanda cha Leicester Square. Mfanyakazi mwenzangu aliyeenda mwaka jana anasema nikisubiri nitapewa siti ya nyuma ya nguzo au nikose kabisa. Nimeingia mtandaoni, shoo ileile, siku ileile, naona bei kuanzia pauni 25 mpaka 180, nikifungua saiti nyingine nakuta bei nyingine tena. Hawa watu wanapanga bei kwa vigezo gani? Na nguo je, lazima suti?

Kipusa wa Upanga
Pauni 180?? Hiyo si zaidi ya laki tano? Kwa kuangalia watu wanaigiza? Ngoja nikae hapa nisome.

Peckham Mswahili
Mkuu karibu. Mwenyeji wako yuko sahihi nusu. Kibanda kinaitwa TKTS, kipo Leicester Square tangu 1980, chenyewe kabisa kinaendeshwa na chama cha wenye majumba ya maigizo, hapo huibiwi. Kiko peke yake ndani ya uwanja, sio vile viduka vya pembeni vilivyobandika "nusu bei" kila dirisha. Watu wengi wanaingia kwenye viduka wakidhani ndio kibanda.

Ila elewa kitu kimoja, shoo zinazojaa kila siku kibandani hazifiki au zikifika punguzo ni la kuchungulia. Zinazofika ni zile zenye siti zimebaki. Ni kama Feri jioni, samaki akibaki bei inashuka kwa sababu kesho hauziki, na siti ikipita saa moja na nusu usiku bila mtu imeshaoza.

Mla Embe
Peckham na hao samaki wako, mbona mimi niliangalia siti ileile Jumatatu pauni 45, Alhamisi yake pauni 62? Samaki gani anapanda bei akizidi kukaa?

Peckham Mswahili
Huyo ni changu, wa kwako wewe ulikuwa unaangalia dagaa 😂

Dokta Kibindo
Nadhani Mla Embe kagusa penyewe. Siku hizi bei inapangwa na kompyuta kama tiketi za ndege, watu wakinunua kwa wingi inapanda, wakisusa inashuka. Haina mapema wala kuchelewa, ni mahitaji. Jumanne yenye mvua ya Novemba ni tofauti na Jumamosi usiku. Na shoo ikiwa na staa wa filamu anayecheza kwa wiki chache tu hiyo usisubiri kitu, inaisha mapema na bei ndio hiyo ya kuumiza. Kwa hiyo swali sio lini ununue, swali ni shoo gani.

Omolo wa South B
Wasee niaje. Mimi nilikuwa huko for masters, na hii mambo ya kompyuta ni ukweli lakini si yote. Kuna siti zenye wenye shoo wanazificha, za wageni wao na za dharura, sasa ikifika siku ya shoo na hazijatumika wanaziachilia. Nilikuwa naamka, ikifika saa nne asubuhi nafungua TodayTix, app ya tiketi, kwa simu, kuna tiketi za siku hiyo hiyo bei ya chini, ukichelewa dakika mbili zimeenda. Nilipata siti ya safu ya mbele kabisa kwa pesa kidogo, karibu mate ya waigizaji inirukie. Yule mtu wa kando yangu alikuwa amelipa mara tatu na alikuwa nyuma yangu, sikumwambia.

Mama Zuu
Jamani mimi naomba niongezee jambo moja ambalo hamjalisema, MADALALI. Niliandika jina la shoo kwenye simu, ya kwanza kutokea nikabonyeza, saiti nzuri imepambwa, nikalipa pauni 140. Tiketi ilipofika imeandikwa kabisa bei yake pauni 65. Sio feki, niliingia vizuri tu, lakini hiyo ya juu yote kaichukua mtu wa kati. Kwa hiyo ndugu yangu wa Tabata hizo bei mbili tofauti unazoziona usijiumize kichwa na mahitaji, moja ni ya wenye nyumba nyingine ni ya dalali. Anza na saiti ya ukumbi wenyewe, jina la ukumbi sio jina la shoo.

Dokta Kibindo
Mama Zuu hapo umenena. Hata hivyo sio kila wakala ni mwizi, wapo wanaoruhusiwa na wanaongeza ada tu. Tazama bei iliyoandikwa kwenye siti halafu linganisha na jumla ya kulipa mwishoni.

Bint Forodhani
Kwani hizo siti zenyewe zikoje mpaka moja iwe 25 na nyengine 180? Si ukumbi mmoja huo huo na mchezo huo huo?

Peckham Mswahili
Bint, nilifanya kazi ya kupokea watu na kuwaonyesha siti kwenye ukumbi mmoja wa zamani, nitakuchorea. Nyingi za majumba yale zimejengwa miaka ya 1880 mpaka 1910 hivi. Chini kuna siti za sakafuni, juu yake ghorofa ya kwanza ya mduara, juu tena ya pili, na wengine wana ya tatu, huko unapanda ngazi mpaka magoti yanalia, mteremko mkali kiasi kwamba ukiinuka unashika siti ya mbele usije ukadondoka. Nafasi ya miguu hakuna, mtu mrefu anakaa upande kama yuko kwenye kipanya. Enzi zangu mgongoni mwa siti ya mbele kulikuwa na kadarubini kekundu kamefungwa, unatumbukiza sarafu kanafunguka, basi unamwona mwigizaji usoni. Pauni 25 yako ndio hiyo.

Sasa siri. Siti za sakafuni za nyuma kabisa ni za bei kubwa lakini ghorofa inakufunika kwa juu, vitu vinavyotokea juu ya jukwaa huvioni. Mtu mmoja wa safu ya mbele ya ghorofa ya kwanza anaona picha nzima. Kuna saiti inaitwa SeatPlan watu wanapiga picha kutoka siti waliyokaa wanaweka, ingia humo kabla hujalipa.

Mla Embe
Kwa hiyo wale wa juu ni makapuku kama mimi. Nasikia hata mlango wao ulikuwa wa nyuma.

Peckham Mswahili
Kweli kabisa, kwenye majumba kadhaa mlango wa ghorofa ya juu uko kichochoroni mpaka leo, ngazi zake za saruji tupu wakati mlango wa mbele kuna zulia na mataa. Zamani wenye nazo hawakutaka kupishana na wasio nazo.

Mzee wa Ngazija
Ubaguzi huo. Ndio hao hao walikuja kutujengea miji ya uzunguni na uswahilini.

Dokta Kibindo
Mzee, pale waliokuwa wanapandishwa kichochoroni ni wazungu wenzao maskini. Ni matabaka.

Mzee wa Ngazija
Matabaka wameanza kwao wakayaleta kwetu na rangi juu. Sijaona tunapobishana.

Omolo wa South B
Mzee ana point. Kenya National Theatre ilifunguliwa 1952, mwaka wa hali ya hatari, na haikujengwa ikifikiria msee wa Kaloleni, mtaa wa Waafrika. Leo tunaijaza sisi.

Mchumi wa Tabata
Ahsanteni sana wakuu, mnanifungua macho. Mpaka sasa nina maelezo manne ya bei na yote yanaingia akilini, ndio tatizo. Vipi ile ya simba, The Lion King? Mke wangu ameniambia nikirudi sijaiona nisirudi. Nasikia ipo tangu 1997.

Kipusa wa Upanga
Uende London kumwangalia Simba na Rafiki na Pumbaa? Si uende Mikumi tu, nauli ya basi.

Omolo wa South B
1997 ni New York buda. London imeanza 1999, ukumbi wa Lyceum, haijatoka hapo. Hiyo sasa ni ile ya kununua mapema kwa sababu familia zote zinaitaka. Na chukua siti ya sakafuni karibu na njia, mwanzoni kabisa wanyama wanaingia wakipita katikati ya watu, ndovu anakupita hapa kando mguu wake ni mtu mzima ndani. Ukiwa ghorofa ya juu unaona tu migongo au huwaoni kabisa.

Mama Zuu
Mimi nilikaa ghorofa ya kwanza mbele nikaona wanyama wote wanavyopangika jukwaani jua linatoka, nikalia. Kila mtu na siti yake Omolo.

Chalii wa Sombetini
Si ndio hiyo aliyocheza Lupita Nyong'o?

Omolo wa South B
Apana. Lupita alicheza Broadway, kule New York, 2016, Eclipsed, mchezo wa Danai Gurira kuhusu wanawake wa vita ya Liberia, akapata uteuzi wa tuzo ya Tony. Na usisahau alianzia kwetu Nairobi, kundi la Phoenix Players, akiwa na miaka 14 alikuwa Juliet. Phoenix wenyewe walishafunga, inauma.

Bint Forodhani
Kuna ukumbi mmoja wa Shakespeare, wa duara, hauna paa katikati, watu wanasimama. Bei yake chee. Huo nauulizia kwa sababu marehemu baba alikuwa akitusomea Juliasi Kaizari ya Mwalimu, ile ya 1969.

Mzee wa Ngazija
Mwalimu aliitoa kwanza 1963, ya 1969 ni ile aliyoirekebisha. Mwaka huo huo wa 1969 ndio ikatoka Mabepari wa Venisi.

Bint Forodhani
Ahsante mzee, ndo nimejua leo.

Nyumbu Mkimya
Unaitwa Globe, umejengwa upya kandokando ya Thames, umefunguliwa 1997. Kusimama ilikuwa pauni 5 miaka na miaka, sasa wameongeza kidogo. Mchumi usiwasikilize hao wa pauni 180, nenda pale, simama mbele uegemee jukwaa, mwigizaji anakukanyagia vidole. Mvua ikinyesha mwavuli hauruhusiwi, wanauza koti la plastiki.

Afu mniulize mimi, 2012 walileta tamthilia zote za Shakespeare 37 kila moja kwa lugha yake, na Kiswahili kilikuwepo, kundi la kutoka Nairobi likacheza ile ya wale wanawake wachangamfu wa Windsor na bwana mnene anayewataka wote wawili kwa barua moja. Nilikuwepo. Manyunyu yanapiga, Waswahili tumejazana pale chini, jamaa akisema uongo watu wanamjibu "weee!", wazungu juu kwenye siti wanasoma maelezo kwenye ubao wanacheka sekunde tano nyuma yetu. Raha sijaiona tena.

Dokta Kibindo
Nyumbu, jamaa anakwenda Novemba. Ule uwanja wa wazi ni wa kuanzia masika yao mpaka Oktoba. Novemba wanahamia ukumbi mdogo wa ndani pembeni yake, wa mbao, unawashwa kwa mishumaa, ulifunguliwa 2014. Ni mzuri lakini siti ni mabenchi na mgongo utakusimulia.

Nyumbu Mkimya
Mishumaa nayo ni shoo.

Chalii wa Sombetini
Nauliza swali la kijinga, ukiwa huko unaruhusiwa kucheka kwa sauti? Manake nilienda shoo moja na shemeji, mimi nikicheka napiga makofi na kumgonga jirani, dada mmoja akanigeukia akaniangalia kama nimemwibia. Mpaka mapumziko nilikuwa nacheka kwa pua.

Mama Zuu
😂😂😂 kwa pua

Omolo wa South B
Nairobi wangekupea siti ya bure uwachangamshe. Comedy za kwetu mtu wa nyuma anamwambia mwigizaji bibi yake amejificha kwa kabati.

Bint Forodhani
Sisi kwenye taarab ukimya ni matusi. Wimbo ukikugusa unainuka, unakwenda mbele umejitanda, unamtunza mwimbaji, na ukitaka kumjibu mwenzio aliyekaa upande wa pili unamwangalia yeye wakati unatoa pesa. Hebu fikiria nimesimama katikati ya mchezo na noti ya pauni kumi naelekea jukwaani.

Peckham Mswahili
Bint tafadhali njoo ufanye hivyo, nitalipa faini mimi.

Serious kidogo: ukimya sio kila mahali. Mwisho wa Novemba wanaanza zile shoo za Krismasi za watoto, wenyewe wanaziita panto, pale ukikaa kimya ndio unaonekana wa ajabu. Mwigizaji anauliza "yuko wapi?" ukumbi mzima unapiga kelele yuko nyuma yako. Wanaume wanavaa magauni, wanarusha pipi. Mchumi ikiangukia tarehe zako nenda kwenye za vitongojini, sio za katikati ya mji.

Mchumi wa Tabata
Sasa hiyo ndio saizi yangu. Na suti?

Mama Zuu
Jinzi na sweta. Koti lako zito utalishika mapajani maana kulitundika unalipia. Begi kubwa usibebe, wanakagua mlangoni. Kina mama, mapumziko ni robo saa au ishirini na foleni ya choo cha wanawake inazunguka ngazi, majumba ya zamani yale vyoo walijenga viwili vitatu, toka dakika moja kabla taa hazijawaka. Na aiskrimu, kakopo kadogo, kijiko chake kimefichwa ndani ya kifuniko, nilikitafuta mpaka kengele ikalia.

Kipusa wa Upanga
Bei ya kakopo?

Mama Zuu
Usiulize bibi, tumbo litakuuma.

Peckham Mswahili
Usichelewe. Tiketi ikisema 19:30 ni 19:30, pazia linapanda. Ukichelewa unasimamishwa nje unaangalia kwenye tivii ndogo ukutani mpaka tuone pa kukupitisha, na wengine nimewazuia mimi mwenyewe mpaka mapumziko, mmoja Mtanzania, akaniambia "ndugu yangu kweli?" Kazi ni kazi.

Na hii hamjaisema kwenye bei. Shoo isipouza, ghorofa ya juu inafungwa, wote waliolipa bei ndogo wanateremshwa chini bure. Nimeteremsha watu wa pauni 20 nikawaweka kwenye siti za 90. Kwa hiyo kuna ambao hawanunui mapema wala kwa kuchelewa, wananunua ya juu kabisa Jumatatu au Jumanne ya shoo isiyovuma na kuomba Mungu.

Dokta Kibindo
Hiyo sasa ni kamari.

Mla Embe
Kamari gani na mtu anaona kwenye saiti siti zote ziko wazi? Mimi naiamini hii kuliko kompyuta yako.

Dokta Kibindo
Siti zikiwa wazi kompyuta ishashusha bei, ndio nilichosema tangu mwanzo.

Mama Zuu
Na dalali bado anauza 140.

Nyumbu Mkimya
Mmesahau siku za mwanzo kabisa za shoo mpya, kabla waandishi wa habari hawajaalikwa. Wanakuwa bado wanarekebisha, bei inakuwa chini, unaweza ukaona mwigizaji anasahau mstari. Na National Theatre ya South Bank, Ijumaa saa saba mchana wanaachilia tiketi za bei nafuu za wiki inayofuata, foleni ya mtandaoni, kaa tayari. Ile ina siti pana na huduma za kueleweka, jengo la zege lile la 1976.

Chalii wa Sombetini
Ile ya upelelezi ambayo haijawahi kuisha bado ipo? Wanayokukataza kusema muuaji nani.

Omolo wa South B
Ipo, The Mousetrap, tangu 1952, ilisimama tu wakati wa korona. Muuaji ni

Mama Zuu
OMOLO

Omolo wa South B
nimenyamaza

Mchumi wa Tabata
Nimeandika haya: ya simba nanunua leo, Lyceum wenyewe, nabishana na mke kuhusu ghorofa. Siku mbili nitajaribu simu saa nne asubuhi ila nitakuwa darasani, nitajifanya naenda chooni. Jumapili ndio ndege ya usiku, mchana kuna kitu au wanafunga?

Peckham Mswahili
Nyingi Jumapili zimefunga ila zipo zinazocheza mchana, angalia moja moja. Mabegi yaache stesheni, usije nayo ukumbini nikakuzuia.

Kibosile Mstaafu
Wakuu nimechelewa, mimi naenda New York sio London, haya yote yanatumika?

Omolo wa South B
Kibanda kiko, Times Square, chini ya zile ngazi nyekundu, kilitangulia cha London, 1973. Jumatatu nyingi ndio zimefunga. Kijitabu cha shoo wanakupa bure, London unanunua. Bei ndio usiulize, kaa chini kwanza.

Kipusa wa Upanga
Nimeshakaa tangu posti ya pili.

Kibosile Mstaafu
Je nikinunua mapema?

Mla Embe
Haya, Dokta na Peckham, mteja mpya huyo.